Adabu za Kusema na Mtoto Asiyetulia

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wana wa Adamu kwa sura mbalimbali na tabia mbalimbali, akampa kila mmoja fungu lake la akili na subira. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyekuwa mpole kwa wadogo, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Huko Mpemba, karibu na Tunduma, katika mkoa wa Songwe, hupita njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na hapo ndipo inapoachana nayo njia ya kwenda Ileje. Magari makubwa ya mizigo hupita mchana na usiku. Wenyeji wa pande hizo ni Wanyamwanga na Wanyiha, pamoja na wageni wa kila upande walioletwa na biashara ya mpakani, na Waislamu ni wachache miongoni mwao. Kwa hiyo kila mtoto anayeletwa madrasa ni amana yenye thamani kubwa, na kila mtoto anayeikimbia madrasa ni hasara iliyo dhahiri.

Basi na uwekwe mfano wa mtoto mmoja wa mahali kama hapo, wala hakusudiwi mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Mtoto huyo ana umri wa miaka sita. Alasiri hupelekwa kusoma. Wenzake hukaa mkekani wakafuata herufi kwa kijiti. Yeye hukaa kitambo, kisha mguu wake huanza kutikisika, kisha mkono wake humgusa jirani, kisha macho yake huenda mlangoni kutazama gari lipitalo, na mara yuko nje. Mwalimu humwita kutoka mahali alipokaa, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Mtoto hasikii, au husikia asitambue kuwa aliyeitwa ni yeye. Hapo mwalimu huinuka na fimbo. Mtoto hulia, hukaa, na kabla machozi hayajakauka amekwisha inuka tena.

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Siku moja mama yake alikuwa jikoni, mgongo umeelekea mlango, akasema kwa sauti ya juu: “Chukua hizo shilingi mia tano ukanunue chumvi, ukirudi uingize kuku, uvue hiyo nguo ya shule, tena umwambie dada yako aje anisaidie.” Mtoto akaitika, “Naam, mama,” akatoka mbio. Njiani akakuta wenzake wanafukuza tairi bovu, naye akaingia kati yao. Tairi likakimbilia njia kuu, na yeye nyuma yake. Dereva wa gari kubwa akafunga breki, na gari likasimama kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu. Jirani akamshika mkono akamrudisha kwao. Hana chumvi, hana fedha, wala hakumbuki ametumwa nini. Baba yake aliporejea usiku na kuambiwa habari, alivua mkanda. Na bibi yake akasema neno lililokuwa zito kuliko mkanda. Akasema: “Mtoto huyu ana shetani.” Tangu siku hiyo, mtoto akiulizwa kwa nini amefanya jambo, hujibu: “Mimi nina shetani.”

Jibu hilo la mtoto ndilo sababu ya kurasa hizi. Mtoto aliyeletwa duniani juu ya maumbile safi, akafundishwa na watu wa nyumbani mwake kujiita nyumba ya shetani, huyo amepata jeraha ambalo halionekani ngozini. Na wajibu wa kila mzazi na kila mwalimu ni kujua jeraha hilo limetoka wapi na dawa yake ni nini.

Fasili ya Kwanza: Kuijua Hali Yenyewe

Yapasa kujulikana kwamba watoto wote husahau na wote hupenda michezo, na hilo si ugonjwa. Lakini wako watoto ambao jambo hilo limewazidi hata likawaharibia masomo yao na maingiliano yao na watu. Matabibu wa zama hizi huiita hali hiyo kwa herufi nne, ADHD, na maana yake ni upungufu wa makini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Alama zake ni namna tatu: ya kwanza ni fikira kutotulia juu ya jambo moja, ya pili ni mwili kutotulia mahali pamoja, ya tatu ni kutenda au kusema kabla ya kufikiri. Wengine wanazo zote, na wengine wanayo ile ya kwanza peke yake. Hao wa mwisho, na miongoni mwao wamo wasichana wengi, huketi kimya mkekani huku fikira zao ziko mbali, wakaitwa wajinga, na kumbe si wajinga.

Wala jambo hili halikuzuka jana. Mwaka 1902 tabibu mmoja wa watoto katika mji wa London, George Frederic Still, alieleza katika mihadhara yake habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo walishindwa kujizuia. Na mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima bongo za watoto kwa mitambo ya kupigia picha. Waliona kwamba kwa watoto wenye hali hii ganda la ubongo hukomaa kama wenzao, lakini kwa kuchelewa, kwa wastani miaka 3, na kuchelewa huko ni kukubwa zaidi katika sehemu za mbele, ambazo kazi yake ni kuelekeza fikira na kuzuia papara. Basi mtoto wa miaka sita mwenye hali hii huenda akawa hodari wa kusema na kuuliza kama wa miaka sita, na katika kujizuia akawa kama mdogo wake. Anayemtaka ajizuie kama wenzake wa rika moja amemtaka kitu ambacho bado hajapewa.

Hukadiriwa kwamba katika kila watoto 100 duniani, kama 5 wana hali hii. Aghalabu hutembea katika ukoo, kama unavyotembea urefu au wembamba. Basi baba anayevua mkanda na akumbuke utoto wake mwenyewe, na awaulize wazee wake alikuwa mtoto wa namna gani. Wala haisababishwi na mama asiyejua kulea, ijapokuwa ukali na makelele huizidisha uzito, na upole na utaratibu huipunguza.

Hata hivyo, haifai mzazi kuhukumu kwa kukisia. Matabibu hushurutisha kwamba alama hizo ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni. Tena hutazama kwanza sababu nyingine zinazofanana nayo. Huenda masikio ya mtoto yana usaha, naye hasikii aitwapo. Huenda halali usiku akatosheka. Huenda ana njaa. Huenda ana kifafa cha namna ile ambayo mtoto haanguki, bali huduwaa kwa nukta chache kisha akarudi. Huenda ameona la kutisha nyumbani, na fikira zake zimebaki huko. Yote hayo yana tiba zake, wala hayajulikani ila kwa kupimwa.

Fasili ya Pili: Hukumu ya Mtoto Huyu

Imethibiti katika hadithi kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Basi mtoto wa miaka sita aliyesahau chumvi hana dhambi mbele ya Mola wake, wala aliyeinuka mkekani hana dhambi. Ikiwa Mwenyezi Mungu hakumwandikia, ni nani huyo anayemwandikia?

Akisema msemaji: “Kama hana dhambi, mbona sheria imeamrisha aadibishwe?” Hujibiwa kwamba kumuadibisha mtoto si kumlipiza, bali ni kumfundisha. Kulipiza hutazama lililopita, na kufundisha hutazama lijalo. Na mafundisho hayafai ila yapite katika njia ambayo mfundishwa anaweza kuipita. Mwishoni mwa Sura ya Al-Baqara, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba nafsi haibebeshwi zaidi ya uwezo wake. Mja anayemtaka mtoto wake zaidi ya uwezo wake amemtaka zaidi ya alivyotaka Muumba.

Na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hawapambanui kati ya asiyetaka na asiyeweza. Asiyetaka husikia, hukumbuka, kisha huacha kwa kusudi. Asiyeweza hutaka, huitikia, huondoka na nia njema, kisha jambo humponyoka njiani. Kumwita huyu wa pili mkaidi ni kumsingizia. Mtoto huyu anaweza kusikia na anaweza kujifunza, ila mlango wake ni mwembamba, nao hufungwa upesi. Mwenye kutaka kuingiza mzigo mkubwa katika mlango mwembamba haupigi mlango kwa rungu. Huufungua mzigo, akaingiza kimoja kimoja.

Fasili ya Tatu: Bwana Mtume na Mtoto Aliyetumwa

Anas bin Malik alikuwa na umri wa miaka kumi alipoanza kumtumikia Bwana Mtume (rehema na amani zimshukie) mjini Madina, akamtumikia miaka kumi. Yeye mwenyewe ameshuhudia kwamba katika muda huo wote hakuambiwa hata neno dogo la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa jambo alilolifanya kwa nini amelifanya, wala kwa aliloliacha kwa nini ameliacha.

Na katika Sahihi ya Muslim imo habari yake ambayo kila mzazi wa mtoto asiyetulia ingempasa aihifadhi. Siku moja Bwana Mtume alimtuma haja. Anas akatamka kwa ulimi kuwa haendi, na moyoni mwake alikuwa ameazimia kwenda. Akatoka, akapita penye watoto wakicheza sokoni, akasimama. Mara Bwana Mtume akamjia kwa nyuma, akamshika kisogoni. Anas alipogeuka akamwona anacheka. Akamwita kwa jina la kumdekeza, Unais, yaani Anas mdogo, akamuuliza kama amekwenda alikoagizwa. Anas akajibu kwamba ndiyo, yuaenda.

Haisemwi hapa kwamba Anas alikuwa na hali iliyotajwa. Alikuwa mtoto kama watoto. Lakini tazameni kilichotokea. Mtoto ametumwa, ametamka neno la papara, ametoka, amekutana na mchezo, amesimama. Ni habari ile ile ya mtoto wa Mpemba na tairi lake, haikupungua kitu. Kilichopambanuka ni kile kilichomfuata mtoto: huku ulifuata mkanda, na kule ulifuata mkono mpole, na uso unaocheka, na jina zuri, na swali moja fupi. Bwana Mtume hakupiga kelele kutoka mbali. Alikwenda kwa miguu yake mpaka sokoni, hali yeye ni Mjumbe wa Mwenyezi Mungu na kiongozi wa mji mzima, kwa ajili ya kumkumbusha mtoto.

Wala hakumfanyia hivyo Anas peke yake. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani mwa Bwana Mtume, alikuwa mtoto ambaye mkono wake huzunguka sahanini wakati wa kula. Bwana Mtume hakumwambia kuwa hana adabu, wala hakutaja kosa. Alimwagiza mambo matatu mafupi: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Umar alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba tangu hapo ndivyo alivyokula daima. Mtoto aliambiwa la kufanya, akalifanya umri wake wote.

Na katika Sura ya Luqman, yule mwenye hekima alipomwusia mwanawe alimwita kwa neno la huruma la baba kwa kitoto chake, nalo limerejea katika wosia huo mara tatu. Kila alipotaka kuingia katika jambo jingine kubwa, alimwita tena kwanza. Mwenye kutaka moyo wa mtoto usikie, na aubishie hodi kabla ya kuingia.

Fasili ya Nne: Adabu Sita za Kusema Naye

Kutokana na hayo, na kutokana na yale ambayo wataalamu wa malezi wameyajaribu wakayaona yanafaa, hupatikana adabu sita.

Ya kwanza ni kumsogelea. Amri inayotoka jikoni kwenda uani haimfiki mtoto huyu. Mzazi na aache sufuria, amwendee, achuchumae mpaka macho yake yalingane na macho ya mtoto.

Ya pili ni kumshika kwa upole begani na kumwita jina lake, kisha kungoja mpaka atazame. Kabla hajatazama, lisisemwe neno lolote, kwa kuwa neno hilo litapotea. Wala asilazimishwe kukodoa macho muda wote. Akigeuka mara moja inatosha.

Ya tatu ni kumpa jambo moja kwa maneno machache. Mambo manne kwa pumzi moja ni manne yatakayopotea. Amalize la kwanza, ndipo apewe la pili. Na aambiwe la kufanya kuliko la kuacha: “Tembea” humfaa kuliko “Usikimbie”, “Weka mkono mapajani” humfaa kuliko “Acha utundu.” Neno utundu halimwelezi mkono wake uende wapi.

Ya nne ni kumtaka arudie alichoambiwa kwa ulimi wake mwenyewe. Aulizwe: “Umetumwa nini?” Akijibu sawasawa, na aende. Na ikiwezekana apewe kitu mkononi cha kumkumbusha. Anayetumwa chumvi na apewe kikopo cha chumvi. Fikira zikipotea njiani, kikopo kitazirudisha.

Ya tano ni kumsifu papo hapo kwa jambo alilolifanya, na kulitaja jambo lenyewe. Asiambiwe tu, “Mtoto mzuri.” Aambiwe, “Umekaa mpaka mwisho wa aya. Vyema.” Mtoto huyu husikia lawama tangu asubuhi mpaka kulala, na sifa isiyotarajiwa kwake ni kama maji kwa mwenye kiu. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameonya katika Ihya kwamba mtoto asikithirishiwe lawama kila wakati, kwa kuwa kusikia lawama kutakuwa jambo jepesi kwake, na maneno hayatamgusa moyoni tena. Wangapi leo wanalalamika kwamba mtoto hasikii, na wao wenyewe ndio waliomzoesha kutosikia?

Ya sita ni kuipa siku yake utaratibu usiobadilika. Mtoto ambaye hana utaratibu ndani yake huhitaji utaratibu nje yake. Na Waislamu wamepewa neema kubwa katika jambo hili, kwani sala tano zimekwisha igawa siku. Baada ya alfajiri ni kuvaa na kula, baada ya adhuhuri ni kupumzika, baada ya alasiri ni kusoma, baada ya magharibi ni chakula, na baada ya isha ni kulala. Adhana itamkumbusha pale ambapo mama amechoka kukumbusha.

Na juu ya adabu hizo sita liwekwe jambo moja la hadhari: mtoto wa namna hii asitumwe peke yake kuvuka njia kuu. Kumpenda si kumwamini kwa jambo ambalo maumbile yake hayajaliweza.

Fasili ya Tano: Mwalimu na Fimbo Yake

Mwalimu wa madrasa ana watoto thelathini na mkeka mmoja, na taabu yake inajulikana. Lakini taabu haibadili hukumu.

Baadhi ya walimu hutoa hoja kwa hadithi inayoamrisha mtoto aagizwe sala akiwa na miaka saba, na apigwe kwa kuiacha akiwa na miaka kumi. Hujibiwa kwamba hadithi hiyo ni hoja juu yao. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu ya kuagiza na kukumbusha, na ndani yake hakuna pigo. Na ikiwa hivyo ndivyo kwa sala, ambayo ni nguzo ya dini, itakuwaje kwa mtoto wa miaka sita aliyetazama gari?

Tena wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi mlango huu hawakuuacha wazi. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ameeleza katika Qawaid kwamba ikiwa mtoto harekebiki ila kwa pigo kali, basi halijuzu kali wala jepesi: kali kwa sababu linadhuru, na jepesi kwa sababu halina faida, na pigo limeruhusiwa kwa ajili ya faida tu. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa za Afrika Mashariki tangu zamani, amewataja mzazi na mwalimu miongoni mwa wenye kudhamini wakidhuru kwa kuadibisha. Yaani fimbo ikileta madhara, mwenye fimbo atalipa, wala hatasalimika kwa kusema kuwa alikuwa akifundisha. Na katika serikali ya Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kutendewa ukatili na kuadhibiwa kwa kudhalilishwa.

Sasa mwalimu na ajiulize kwa insafu: mtoto huyu amepigwa mara ngapi, na ametulia mara ngapi? Ikiwa fimbo ya jana haikumtuliza leo, na ya leo haitamtuliza kesho, basi faida haipo, na ruhusa imekwenda pamoja nayo. Kilichobaki ni mtoto anayejifunza kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni mahali pa kuumia.

Njia nyingine ziko, wala hazina gharama. Mtoto huyo na aketishwe karibu na mwalimu, mgongo wake uelekee mlango, jirani yake awe mtulivu. Apewe aya moja mahali pa aya tano, aisome, kisha ainuke alete maji ya wino au afute ubao, kisha arudi kwa aya nyingine. Maadam hana budi kuinuka, na ainuke kwa ruhusa na kwa kazi. Ule mtindo wa kale wa mwalimu kusoma na watoto kuitikia kwa sauti moja humfaa sana, kwa kuwa ulimi ulio kazini huishika fikira. Na baada ya darasa na aachwe acheze. Al-Ghazali ameeleza kwamba mtoto akizuiwa michezo na kulemezwa na masomo daima, moyo wake hufa na akili yake huzimika, mpaka atafute hila ya kukimbia. Na mtoto wa mfano uliotangulia, ambaye kila siku yuko mlangoni, anatafuta nini ila hila hiyo?

Fasili ya Sita: Neno la Shetani na Njia ya Tiba

Muumini huamini kuwa majini wapo, na kisomo cha Kurani kwa mgonjwa ni jambo la sunna. Mzazi na amsomee mwanawe Al-Fatiha na sura mbili za kujikinga wakati wa kulala, kwa sauti ya upole, na mkono wake uwe kichwani pa mtoto. Hilo ni kheri, na huenda likawa ndio muda pekee katika siku ambapo mtoto huyo amesikia sauti ya upole.

Lakini kumtangazia mtoto kuwa ana shetani ni jambo jingine. Ni kudai elimu ya ghaibu bila ya dalili, na ni kumfunga mtoto jina baya. Na anayempiga mtoto kwa kudai kuwa anampiga shetani, maumivu anayapata mtoto.

Bwana Mtume ameamrisha watu wajitibu, na akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Basi mzazi wa Mpemba na aanze kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe mtoto masikio na macho na afya yake, kisha aombe kuelekezwa hospitali ya mkoa, na ikihitajika hospitali ya rufaa ya kanda iliyo Mbeya. Aende akiwa ameandika au amekumbuka vizuri: tangu lini, wapi, na mara ngapi. Na ajue kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, tiba ambayo matabibu huitanguliza ni kuwafundisha wazazi namna ya kusema naye na kumwongoza. Dawa za kumeza ziko, na huwafaa wengi katika wakubwa zaidi, lakini hutolewa kwa amri ya tabibu na kwa uangalizi wake, wala hazinunuliwi kwa kukisia. Basi dawa ya kwanza ya mtoto huyu imo katika kinywa cha mama yake na baba yake.

Khatima

Na urejewe ule mfano wa mwanzo, ukamilike. Mama wa mtoto yule aliisikia habari ya Anas ikisomwa siku moja baada ya sala, akanyamaza nayo. Kesho yake chumvi ilikwisha tena. Akaitoa sufuria motoni, akatoka uani, akachuchumaa, akamshika mwanawe bega.

“Mwanangu.”

“Naam, mama.”

“Lete chumvi. Umetumwa nini?”

“Chumvi.”

Akampa kikopo na fedha, akamwelekeza duka lililo upande wa huku wa njia, akasimama kizingitini akimtazama. Mtoto akaenda, akasimama kidogo kutazama kuku wa jirani, akatazama kikopo, akaendelea. Akarudi na chumvi, na chenji ameisahau dukani. Ulimi wa mama ulikuwa umekwisha inuka kutaja chenji, akaurudisha, akasema kwanza: “Umeleta chumvi niliyokutuma. Ahsante, mwanangu.” Kisha wakafuatana, wakaenda kuichukua chenji pamoja.

Siku ya pili mtoto alisahau tena, na ya tatu akakumbuka. Hali yake haikuondoka, wala haikuahidiwa kuondoka kwa wiki moja. Lakini jioni ile ya kwanza bibi yake alipouliza chumvi imetoka wapi, mtoto alijibu: “Ni mimi niliyeileta.” Na bibi akamvuta kwake, akamwambia: “Ahsante, mjukuu wangu,” wala lile neno la shetani halikutajwa tena katika nyumba ile.

Ewe mzazi, na ewe mwalimu: mtoto hulijua jina lake kwa vinywa vya wakubwa wake. Siku ya Kiyama mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika yatakayoulizwa ni jina alilompa aliye mdogo kuliko yeye.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi subira, awajaalie walimu huruma, na awakuze watoto wa Kiislamu katika elimu na afya. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amin.

Wabillahi taufiki.